Pima urefu wa mtoto kabla ya kukata tiketi za Disney, hiyo "bure" iache

Usikate hizo tiketi. Kama umeshaweka oda, piga simu leo hii waisimamishe. Nimesoma uzi wako mara mbili: binti anatimiza miaka mitatu mwezi wa tano, mnataka kuwahi Disneyland Paris, ile bustani kubwa ya michezo kule Ufaransa, mwezi wa nne kwa sababu chini ya miaka mitatu anaingia bure, na unauliza umri gani unafaa, mlale hoteli ya ndani au ya nje, chakula halali kinapatikanaje, na kama mbebe kigari cha mtoto au mkodi hukohuko. Nilipofika kwenye neno "kuwahi" roho iliniuma, maana neno hilohilo nilimwambia mume wangu mezani Novemba 2023, nikiwa na furaha zote za dunia.

Sisi tunaishi Tabata, watoto wawili. Wakati ule mkubwa, wa kiume, alikuwa na miaka saba, na mdogo wa kike alikuwa anaelekea mitatu, amezaliwa Aprili. Wifi yangu anaishi Paris miaka mingi, na kila tukipigiana simu ya video watoto wake wanakatiza nyuma yake wamevaa yale masikio ya Mickey. Mwaka huo nilikuwa nacheza upatu na wenzangu kazini, zamu yangu ikafika. Wifi akasema, "Njooni kabla mdogo hajafika mitatu, getini hamumlipii." Basi nikaenda kwa wakala wa safari mmoja pale mjini, simtaji.

Huyo kijana alitupa maneno matatu. La kwanza, chini ya miaka mitatu ni bure, "dada hii ni bahati, ikipita imepita." La pili, Februari hakuna watu. La tatu, watoto wa miaka miwili ndio wanaofurahi kuliko wote. Nikamuuliza kama yeye mwenyewe ameshafika, akanijibu anapeleka wateja kila mwezi. Nikaridhika! Sikushtuka kwamba swali langu hakulijibu. Mpaka leo nikipita karibu na ile ofisi nachemka. Mtu anamwona mama ameshika hela za upatu za miaka miwili, anamwambia "ikipita imepita", halafu usiku analala. Tiketi alizotuuzia zilikuwa za siku mbili zenye tarehe, hazirudishwi, na hilo la kutorudishwa nimelikuta kwenye karatasi wakati hela imeshatoka.

Tuanze na hiyo bure yenyewe, kwa sababu ndiyo inayokukimbiza hata wewe. Kwenye ndege mtoto anapakatwa kwa sehemu ndogo tu ya nauli mpaka siku anayotimiza miaka miwili. Akishavuka hapo anakaa kiti chake, na kiti kinalipiwa. Binti yako ameshavuka. Viza ya Schengen kwa mtoto wa chini ya miaka sita hailipiwi kabisa. Sisi mwaka ule tulilipa euro 80 kila mtu mzima na 40 kwa mkubwa wetu, tangu Juni 2024 zimepanda zikawa 90 na 45, lakini kwa binti yako ni sifuri leo na itabaki sifuri mpaka afike sita. Kwa hiyo huko nako hakuna cha kuwahi. Bima ya safari, ile ya kuanzia euro 30,000, inatakiwa kwa kila kichwa hata kichanga. Ukitoa vyote hivyo, unachookoa kwa kuwahi ni tiketi moja ya getini, ya mtoto mmoja. Niliporudi nikakaa na kalamu: tiketi niliyookoa haikufika robo ya nauli ya ndege niliyomlipia huyohuyo mtoto. Nimekimbilia robo, na sasa nadaiwa safari nzima upya, kwa sababu ile ya kwanza hakuiona.

Ndiyo, hakuiona. Ngoja nikueleze siku ya kwanza ilivyokwenda, saa kwa saa, ili usiseme wako ni tofauti.

Februari Ufaransa iko nyuma yetu kwa saa mbili. Binti alikuwa bado analala mchana, na nyumbani usingizi wake ulikuwa saa saba, akishakula tu. Saa saba ya Tabata ni saa tano asubuhi ya Paris. Hilo sikulipigia hesabu hata kidogo. Alituamsha sote saa kumi alfajiri, kwake kumeshakucha. Tukatoka mapema, tukapanda treni ya RER A mpaka mwisho wa reli, Marne-la-Vallée–Chessy, ukitoka kituoni geti hilo hapo. Bustani inafunguliwa saa tatu na nusu. Kukaguliwa mabegi, kuingia, kupiga picha mbele ya kasri la rangi ya waridi, baba mtu anatafuta choo, tukajipanga foleni ya mchezo wa Peter Pan, ambao hauna sharti la urefu na kila mwenye mtoto mdogo yuko hapo. Na ile "Februari hakuna watu"? Shule za Ufaransa zina likizo ya majira ya baridi inayoanza Februari kuingia Machi, wanagawana kwa kanda tatu, na sisi tuliangukia wiki ya kanda yenye Paris yenyewe. Watu walikuwa kama soko la Kariakoo mkesha wa Idi.

Tumesimama zaidi ya saa nzima. Tumebakiza familia mbili mbele yetu, saa tano inagonga, binti kalala begani kwangu. Kilo kumi na tatu, na koti la mtumba wa Karume, na buti, na mimi mwenyewe sizisikii ncha za vidole. Tukamwamsha. Ulishamwamsha mtoto wa miaka miwili dakika tano baada ya kulala? Alilia ndani ya kile chombo kinachopita gizani juu ya taa za London, zote zimewashwa kwa ajili yake, na yeye kaufunika uso kwenye kifua changu. Kakaye anamwambia, "Angalia! Angalia!" Hakuangalia. Tukashuka, akalala tena, akaja kuamka saa nane. Kwenu Aprili tofauti itakuwa saa moja, kwa sababu mwisho wa Machi wenzetu wanasogeza saa mbele. Usingizi utahamia saa sita, katikati ya siku. Haijakusaidia.

Alipoamka tukampeleka akamwone Mickey. Kuna nyumba yake maalumu pale Fantasyland, upande wa bustani wenye michezo ya watoto wadogo, mnapanga foleni, mnaingia chumbani, mnapiga naye picha. Foleni nyingine ndefu. Sasa fikiria mtoto wa Tabata. Panya anamjua. Panya akionekana jikoni bibi yake anaita watu, ufagio unatafutwa, mlango unafungwa. Halafu unamwingiza chumba kidogo anamkuta panya mrefu kuliko baba yake, amevaa glovu, anakuja kumkumbatia. Alipiga yowe ambalo nadhani lilifika kituo cha treni. Yule aliyevaa Mickey alifanya vizuri sana, alirudi nyuma, akapiga goti, akajifunika macho kwa mikono ili asimtishe. Haikufaa kitu. Picha tunayo: mimi nimeshika kitu kama gunia la koti linalopiga mateke, mume wangu anatabasamu kwa lazima, mkubwa anamwomba Mickey msamaha kwa Kiswahili.

Mambo ya pampasi sitayaandika yote. Alikuwa ameshaanza kwenda chooni mwenyewe mwezi mzima tukishangilia, na siku moja ya suruali tatu juu ya nyingine na choo chenye foleni ilifuta kazi yote.

Lakini kilichoniumiza kuliko hayo yote ni nguzo ya kupimia. Kila mchezo mkubwa pale mlangoni una kipimo cha urefu, na hakuna atakayekuuliza mtoto ana miaka mingapi. Big Thunder Mountain, ile treni ya mgodi inayopita chini ya maji kwenda kisiwani, ni sentimita 102. Star Tours 102. Tower of Terror, katika bustani ya pili iliyofunguliwa 2002, ni 102. Crush's Coaster 107. Hyperspace Mountain 120. Ile ya Indiana Jones 140. Huko kwenye 81 unapata vitu viwili vitatu, kama vile vigari vya Autopia akiwa na mtu mzima. Binti yangu alikuwa na 91.

Tulifika Big Thunder mkubwa akiwa haishikiki, ndiyo treni aliyoiangalia kwenye simu miezi mitatu. Mhudumu kwa upole akamwonyesha mdogo asimame kwenye kipimo. Na yeye, kwa sababu kupimwa anakujua kliniki, alisimama wima, akabana miguu, akainua kidevu, akanitazama nimsifu. Kliniki akipimwa nesi anamwambia umekua, anapigiwa makofi. Pale mhudumu akatikisa kichwa. Binti hakuelewa. Alibaki amesimama akingoja makofi.

Baba akaingia na mkubwa. Mimi nikakaa na mdogo kwenye benchi, dakika themanini, upepo unatoka majini. Ipo huduma inaitwa Baby Switch: mzazi mmoja anaingia na mkubwa, akitoka mwenzake anaingia bila kupanga foleni upya, na mdogo hakosi mtu wa kukaa naye. Wakala hakutuambia. Wifi hakutuambia, kwa kuwa wa kwake walishakua. Nimeijua siku ya pili saa kumi jioni, saa za kule, kutoka kwa mama mmoja tuliyekaa naye kwenye benchi hizohizo. Mpaka hapo mkubwa wangu, mwenye sentimita 122, aliyeruhusiwa karibu kila kitu, alikuwa amepanda michezo mitatu mikubwa kwa siku mbili. Mitatu! Muda uliobaki alishika begi la pampasi na kungoja mdogo wake aamke, au anyamaze, au abadilishwe nguo.

Kwenye treni ya kurudi kwa shangazi yake akaniegemea akaniuliza, "Mama, tulikuja kwa ajili ya mdogo tu?" Hakuuliza kwa hasira, aliuliza kama anayetaka kujua. Nilikosa jibu, nikamfunga zipu ya koti ambayo ilikuwa imeshafungwa. Hilo ndilo lililonikalisha hapa usiku huu kukuandikia, maana umesema na ninyi mna kaka mtu wa miaka minane.

Na huyo mdogo aliyeletwa kwa bure? Tumerudi Dar, wiki mbili tatu alikuwa anataja kitu kimoja: bata. Kuna bata wanaogelea kwenye maji ya pale bustanini, aliwatupia makombo ya mkate akacheka kicheko ambacho hakukicheka mahali pengine popote. Bata wapo Tabata, kwa jirani. Baada ya mwezi hata bata wakafutika. Leo ukimwonyesha picha anasema "huyu ni mimi?" Sisi watu wazima wengi wetu hatukumbuki chochote cha kabla ya miaka mitatu au mitatu na nusu, ndivyo akili ya binadamu ilivyo, na mimi nililipa nauli kushindana na hilo.

Sasa sikiliza. Chukua futi ya fundi cherehani. Piga mstari kwenye fremu ya mlango, sentimita 102 kutoka sakafuni. Msimamishe binti bila viatu, visigino vimegusa ukuta. Asipoufikia huo mstari, hakuna tiketi. Usiniulize miaka. Mtu akikwambia mitatu, akikwambia mitano, mwambie 102.

Sababu si hizo treni peke yake, ingawa 102 inafungua mlango wa nyingi. Angalia kadi ya kliniki: kwa viwango vya ukuaji vya WHO, Shirika la Afya Duniani, msichana wa kati akiwa na miaka mitatu kamili ana sentimita 95 hivi, akiwa na minne ana 103 hivi. Maana yake mstari wa 102 kwa watoto wengi unaangukia palepale karibu na miaka minne, na hapo mambo mengi yanakuwa yamekuja yenyewe. Usingizi wa mchana unakuwa umeisha au unaelekea kuisha. Choo anasema. Anajua mtu aliyevaa nguo za panya ni mtu. Anakwambia anachotaka kuona, na jioni anakusimulia alichokiona. Wapo warefu wanaofika mapema na wafupi wanaochelewa, wa kwangu ni mmojawapo wa wafupi, wala hilo halina tatizo, anangoja. Mstari hauna haraka. Kilichokuwa na haraka kwenye kisa chetu chote ni wakala na kamisheni yake.

Kuna mchangiaji hapo juu kasema yeye wa kwake alikwenda na miezi kumi na minane na ilikuwa raha. Ndugu yangu, nimeona kwenye maelezo yako unakaa Ufaransa. Na hapo ndipo tulipodanganyika na wifi, ambaye namsamehe kwa sababu hakukusudia. Yeye yuko mwendo wa saa moja kwa treni. Mtoto wake akilia saa tano wanarudi nyumbani, wanakwenda tena Jumamosi nyingine. Kwake ni kama sisi kupeleka watoto Coco Beach: mchanga ukiingia machoni mnaondoka, bahari haihami. Sisi tumesafiri karibu kilomita 7,000, siku mbili zimelipiwa, mtoto akilia saa tano tunambembeleza huku tukitazama saa. Mwenye nyumba karibu na mto asimshauri mwenye ndoo. Ushauri wake ni mzuri kwake.

Kama unataka kumjaribu kabla hujatoa hata senti, mpeleke kwenye maonyesho ya Sabasaba. Sitanii. Siku yenye watu, mwezi wa saba, pale Barabara ya Kilwa, kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Kuna jua, foleni, spika zinapiga kelele, mabanda hayaishi, kuna watu wamevaa midoli ya kampuni wanasalimia watoto. Akitembea kwa miguu yake, asipolala mchana, akimpa mkono mdoli mmoja bila kulia, na mstari ameufikia, basi mwezi wowote wa mbele mnaweza kwenda hata kama mtalipia tiketi yake nzima, na nakuhakikishia hutaikumbuka hiyo hela. Wa kwangu mwaka 2024 alibebwa mgongoni kuanzia saa sita. Mwaka 2025 alitembea mwenyewe mpaka tunatoka, akaomba ubuyu, akamshika mkono mtu aliyevaa nguo za simba akamuuliza kama anasikia joto humo ndani.

Kigari mbebe chenu. Cha kukodi unakipata ukishafika bustanini, wakati mtoto anachoka kuanzia kwenye treni. Lakini mimi nasema kigari kisikufikirishe sasa hivi, kwa sababu mwezi wa nne hamwendi.

Najua mume ameshaomba likizo, najua umeshamwambia mtoto, na kaka mtu ameshawatangazia shule nzima. Mwambieni kaka mtu ukweli, kwamba mnangoja ili mdogo apande naye. Wangu nilimwambia hivyo mwaka jana na hakununa. Yeye ndiye aliyepiga mstari kwenye fremu ya mlango wa jikoni kwa kalamu ya wino, akaandika pembeni TRENI kwa herufi kubwa, na kila mwisho wa mwezi anamsimamisha mdogo wake pale, anamwekea kitabu kichwani, anaita nije nishuhudie. Upatu nimeanza tena, zamu yangu ni ya mwisho.

Jumapili iliyopita amepimwa. Alisimama vilevile kama alivyosimama mbele ya yule mhudumu, miguu imebanwa, kidevu juu. Mia moja na moja. Kakaye akampigia makofi hivyohivyo.

Wa kwako ana ngapi? Mpime leo usiku, bila viatu, uniandikie hapahapa kabla hujampigia huyo wakala.